Opera ya mirathi kwenye jukwaa la taarab: mwongozo kamili kwa vikundi vya Unguja na Pemba

Kila anayepanga kuleta Zanzibar opera, ule mchezo wa kuimba wa Ulaya, huanza na suali la sauti: nani ataimba kama Wataliana? Suali hilo liweke kando. Kinachowaangusha watu ni mirathi. Hadithi ya ukoo tajiri unaogombea mali ya maiti itaeleweka hapa kabla ya noti ya kwanza kupigwa, lakini ukiileta na sheria zake za Ulaya, mzee yeyote aliyekaa safu ya mbele atakwambia, "Hiyo haiwezekani," na hapo mchezo umekwisha.

Opera ninayoitumia ni Gianni Schicchi ya Giacomo Puccini. Ina tendo moja, haifiki saa nzima, na inachekesha. Yaliyo hapa ni njia ya kuigeuza iwe mchezo wa kuimba wa Kizanzibari, wenye waimbaji wanane na bendi ndogo ya taarab.

Hatua ya 1: Ielewe hadithi mpaka uweze kuisimulia barazani

Opera hii ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 14 Disemba 1918, lakini mambo yake yametokea Florence, Italia, mwaka 1299. Buoso Donati, tajiri, amefariki kitandani mwake. Jamaa wamepiga magoti wanalia, huku kila mmoja akimtupia mwenzake jicho. Unapita mnong'ono kwamba mali yote kawaachia watawa. Kilio kinakatika, makabati yanapekuliwa, wasia unapatikana, na mnong'ono unathibitika. Sasa wanalia kweli.

Kijana mmoja wa ukoo, Rinuccio, anapendekeza aitwe Gianni Schicchi, mtu wa shamba aliyehamia mjini, ambaye ukoo unamdharau. Schicchi ana binti, Lauretta, anayependana na Rinuccio. Baba hataki kuwasaidia watu waliomtukana. Binti anamwimbia wimbo mfupi wa kumbembeleza, ndio ule unaojulikana dunia nzima, na baba analegea. Maiti inahamishwa chumba kingine. Schicchi anaingia kitandani, anaiga sauti ya marehemu, na mwandishi wa hati anaitwa pamoja na mashahidi wawili.

Kabla mwandishi hajafika, jamaa wanagawana mali kwa maneno. Vitu vitatu vinawashinda: nyumbu, nyumba ya Florence, na vinu vya Signa. Kila mmoja anamfuata Schicchi pembeni kumhonga ampe yeye. Anawakubalia wote. Kisha anawakumbusha adhabu ya kughushi wasia: kukatwa mkono na kufukuzwa mji. Mwandishi anapoandika, Schicchi anavitaja vile vitatu kimoja kimoja na kujipa mwenyewe. Jamaa hawawezi kufungua mdomo, kwa sababu kumshitaki yeye ni kujishitaki wenyewe.

Ule mzunguko wa kuhongana pembeni usiuguse. Ndio moyo wa hadithi. Tamaa wanayo wote. Usaliti unaanza pale ndugu anapomwacha ndugu yake anazungumza na kwenda kununua nyuma ya mgongo wake.

Hatua ya 2: Chukua kisa, usichukue maneno

Puccini alifariki mwaka 1924. Aliyeandika maneno, Giovacchino Forzano, alifariki mwaka 1970, kwa hiyo tafsiri ya maneno yake ni jambo la kuulizia kwanza COSOZA, wanaoshughulikia hakimiliki hapa Zanzibar. Njia nyepesi ni kutoyagusa kabisa. Kisa chenyewe ni cha kale: Dante, mshairi wa Kitaliana aliyefariki mwaka 1321, alimtaja Schicchi katika wimbo wa 30 wa Jahanamu yake. Tunga maneno yako na muziki wako, useme wazi kwenye tangazo kwamba kisa kimetokana na opera hiyo.

Halafu kuna kibali cha BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Peleka mswada kamili, na nyimbo zote ziwe ndani. Mchezo unaohusu mirathi na maiti utasomwa kwa makini, na bora usomwe kwa makini mapema kuliko usiku wa mwisho.

Hatua ya 3: Tengeneza upya fumbo la sheria

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Mambo mawili ya kisa cha Florence hayasimami kwetu. La kwanza, Muislamu hawezi kuwaachia watawa, wala msikiti, mali yake yote kwa wasia. Wasia una mpaka wa thuluthi. La pili, hata ukighushi wasia, mrithi hausiwi juu ya fungu lake mpaka wenzake waridhie. Watazamaji wako wanayajua haya, wengine kwa darsa na wengine kwa kesi zao wenyewe.

Kwa hiyo tafuta tishio jengine na hila nyengine. Mimi natumia hivi.

Tajiri anajulikana kuwa hana mtoto wala mke. Ndugu zake wawili wa kiume na dada yake wamekaa wanahesabu mafungu, na mtoto wa ndugu yupo pembeni. Katika kupekua makabati inaonekana hati ya ndoa ya Wete, Pemba, na barua za mtoto wa kiume aliyezaliwa huko, mtoto halali. Basi. Mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu hawapati hata punje ya karafuu. Hilo halihitaji maelezo jukwaani. Mwimbaji akisema tu "ni wa kiume", ukumbi mzima unaguna.

Sasa hila. Kumfanya "mgonjwa" atoe zawadi hakusaidii, maana zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti inahukumiwa kama wasia na inarudi kwenye thuluthi. Kinachopita ni ikrari. Mali ya maiti hutoka kwa utaratibu: kwanza gharama za mazishi, pili madeni, tatu wasia, na mwisho warithi. Na kitu alichokwisha kukiuza akiwa mzima hakimo kabisa katika urithi. Kwa hiyo jamaa wanamtaka Mjanja, ndiye Schicchi wetu, alale kitandani akiri mbele ya karani na mashahidi: "Mali hii niliwauzia ndugu zangu zamani nikiwa na afya, na fedha nimeshapokea." Mjanja anakubali, na karani akishika kalamu anakiri kwamba alimuuzia Mjanja.

Msomeshe mswada huu shekhe anayejua faraidhi, elimu ya mirathi, na umlipe kama unavyomlipa mpiga fidla. Shekhe niliyemwendea mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanisahihisha mahali pawili. Nilikuwa nimempa dada fungu sawa na kaka, na nilikuwa na shahidi mmoja tu.

Vile vitu vitatu navyo vibadilishe. Nyumbu awe punda mweupe wa Maskati, ambaye zamani alikuwa fahari ya mwenye nacho. Nyumba ya Florence iwe nyumba ya Mji Mkongwe yenye mlango wa kuchongwa. Vinu viwe shamba la karafuu la Pemba.

Hatua ya 4: Chagua zama

Ukiuweka mchezo katika siku za leo, shamba kubwa la mtu mmoja litakupa taabu, kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Unaweza kutumia hoteli na maduka, lakini hapo utagusa watu walio hai.

Mimi nauweka mwaka 1928. Ndio mwaka Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na nyimbo zao zilikuwa zikibeba habari za mitaani na za mahakamani. Ukoo mmoja kuimbwa mji mzima ulikuwa usumbufu unaojulikana. Tena wenye mashamba wa wakati ule walikuwa wamezama katika madeni, hata serikali ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi yao isichukuliwe na wadai. Kwa hiyo ikrari ya mauzo ya siri haimshangazi karani wa mwaka 1928 hata kidogo.

Hatua ya 5: Majina

Usitumie jina la ukoo. Hata la kubuni. Zanzibar ni ndogo, na kila nyumba yenye mlango wa kuchongwa ina kesi yake. Katika jaribio letu la kwanza, kwenye ukumbi wa skuli moja, nilimpa tajiri jina nililodhani nimelitunga mwenyewe. Asubuhi yake alikuja bwana mmoja na kanzu yake safi, akakaa, akanywa kahawa, akaniuliza kwa upole nani aliyenihadithia mambo ya marehemu babu yake.

Tangu siku hiyo wahusika wangu wanaitwa kwa nafasi zao: Marehemu, Kaka Mkubwa, Kaka Mdogo, Bi Shangazi, Kijana, Mjanja, Binti, Karani. Bado watu watasema unamsema fulani. Hilo ni la taarab na halina dawa, ila sasa huwezi kubanwa.

Hatua ya 6: Maiti isionekane

Florence wanacheka maiti ikibebwa huku na kule. Kwetu usithubutu. Pale skulini tulimlaza mtu amefunikwa shuka nyeupe. Mzee mmoja akasimama akatoka, na alitoka na safu nzima.

Tumia kitanda cha samadari chenye chandarua. Mchezo ukianza chandarua kimeshushwa na hatumuoni mtu. Maiti "inahamishwa" kwa wanaume wawili kuingia nyuma ya pazia na kurudi wakifuta jasho, basi. Mjanja naye anaingia ndani ya chandarua kile kile, na watazamaji wanaona kivuli chake tu akikohoa. Taa moja nyuma ya kitanda inatosha. Kuosha, sanda na sala ya jeneza visiigizwe kabisa, hata kwa heshima.

Sasa angalia faida utakayoipata. Huko Ulaya dhambi inayowekwa mbele ni kughushi. Kwetu maiti huharakishwa kuzikwa, kwa hiyo kila dakika karani anapoandika ni dakika ya maiti kucheleweshwa chumba cha pili. Tia adhana ya alasiri kwa mbali, itajwe mara moja, na Bi Shangazi aseme, "Watu watauliza mbona hatujatangaza." Kuanzia hapo hakuna anayecheka kwa raha, na ndivyo nnavyotaka. Adhana yenyewe usiirekodi wala usimpe mwimbaji, mwache muhusika atege sikio, aseme, "Alasiri hiyo."

Hatua ya 7: Tungo

Mazungumzo ya haraka yaweke katika utenzi: mizani minane, vina vitatu vinavyofanana na cha nne cha bahari, kinachorudi kila ubeti. Yanaimbika bila kuchosha, na mtu akisahau mstari mwenzake anaweza kuuokota. Wakati wa kupekua, kwa mfano:

Fungua tena kabati
Tazama chini ya kiti
Ipo wapi ile hati
Ya mashamba na majumba

Kwa nyimbo kubwa tumia mtindo wa taarab, mistari mitatu ya mizani minane kwa minane. Wimbo wa Binti ndio utakaopimwa kuliko yote. Katika opera, Lauretta anamwambia baba yake atajitupa mto Arno. Kitisho cha kujiua nimekiondoa. Hakipendezi na hakihitajiki. Binti wangu anatishia kuhama:

Baba nakuomba radhi, sikia kilio changu
Nimeshikwa na maradhi, dawa yake mwenzi wangu
Ukininyima kwa kadhi, ng'ambo itakuwa kwangu

Baba ndiye walii wa kuozesha, kwa hiyo neno la kadhi lina uzito wake. Na "ng'ambo" litawachekesha watu wa mjini, maana Ng'ambo yenyewe, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ni kuvuka Darajani tu. Mwimbaji asitabasamu hapo. Akitabasamu, kauharibu.

Wimbo wa vitisho wa Mjanja uwe mfupi, na jamaa wote waukariri wakitetemeka: "Mwenye kughushi ni jela, na pingu za mikononi." Baadaye, kila anapojipa kitu kimoja na mmoja wao akafungua mdomo, Mjanja anaurudia mstari huo kwa sauti ya mgonjwa kutoka ndani ya chandarua. Karani anadhani mzee anaweweseka.

Hatua ya 8: Muziki

Ala ziwe kanuni ya nyuzi, udi, fidla mbili, akodiani, na ngoma ndogo za dumbaki na rika. Ukipata nai au besi, heri. Wapigaji saba wanaosikilizana ni bora kuliko ishirini wanaoshindana. Vijana waliosomea chuo cha muziki cha DCMA wanasoma noti. Wazee wa vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza mwaka 1905, wanashika kwa masikio. Wachanganye, lakini mazoezi ya kwanza yafanye kwa masikio, la sivyo wazee wataona wamealikwa kwa adabu tu.

Kwa ule ugomvi wa kugawana mali, taarab ni nzito mno. Chukua kibati cha Pemba, maneno ya kujibizana kwa kasi juu ya ngoma. Tafuta Wapemba wawili wanaokijua na uwape nafasi ya kutia maneno yao. Vijembe vyao vitapita chochote utakachoandika wewe mezani. Ila weka mpaka wa muda. Sisi tuliwaachia, wakaenda robo saa.

Usiwe na wimbo wa taarab kila mahali. Mjanja anapokiri mbele ya karani, nyamazisha kila kitu isipokuwa udi mmoja.

Hatua ya 9: Ukumbi na msimu

Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, ina ngazi za mawe za kukalia na kuta zinazorudisha sauti. Ni wazi juu, kwa hiyo Machi hadi Mei, wakati wa masika, iepuke, na mwezi wa Ramadhani usipange kitu. Anza baada ya sala ya Isha, na uandike hivyo kwenye tangazo badala ya kutaja saa peke yake.

Weka vipaza sauti kwa waimbaji na kanuni. Kimoja kifungwe ndani ya samadari. Sauti ya Mjanja kupitia chandarua haifiki safu ya tatu, tuliligundua hilo watu wakiwa wameshakaa. Na jenereta iwe na mafuta kabla ya magharibi, si baada.

Hatua ya 10: Mazoezi

Wiki kumi zinatosha kwa watu wenye kazi zao. Tatu za mwanzo ni za maneno tu, wote wamekaa mkekani. Nne za muziki. Tatu za kusimama na kutembea, na katika hizo utaona kwamba wakati wa kuhongana pembeni ndio mgumu: watu watatu wanamnong'oneza Mjanja mahali patatu tofauti, na kila mmoja lazima asikike na ukumbi bila kusikika na nduguye. Chora sakafuni kwa chaki.

Hatua ya 11: Panga kutunzwa

Binti akiimba vizuri, kina mama watainuka na noti mikononi, wacheze taratibu mpaka jukwaani. Usiwazuie, na usijifanye hukutarajia. Mwambie mpiga fidla arudie pambio mpaka wa mwisho arudi kitini. Baba amekaa kimya muda wote, na kimya chake kinazidi kunoga kadiri foleni inavyorefuka. Fedha ziingie kwenye kikapu kimoja na zigawanywe usiku huo huo, mbele ya wote. Mchezo unaohusu mali iliyodhulumiwa usiishie kwa kikundi kugombana juu ya kikapu. Nimeviona vikundi viwili vikivunjika hivyo.

Hatua ya 12: Mwisho wa mchezo

Katika opera, Schicchi anawafukuza jamaa nyumbani, anawaona vijana wawili wamekumbatiana, kisha anaacha kuimba na kuwasemesha watazamaji: Dante kamtia motoni, lakini wao, kama wamefurahi, wampunguzie hukumu. Watu wanapiga makofi.

Kwetu kuna kijana wa Wete. Watawa wa Florence hawamuumizi mtu roho, lakini yatima aliyeliwa mali yake, huyo hasahauliki. Ukimwacha Mjanja achekeshe kisha taa zizimwe, umewafanya watazamaji waile mali pamoja naye. Kwa hiyo Mjanja wangu anaomba hukumu yake, watu wanaanza kucheka, na mlangoni inasikika "Hodi". Kijana huyo wa Wete kaingia na kikapu cha makuti, kashuka meli ya Pemba, hajui kitu. Mjanja anamtazama Binti. Hakuna muziki. Hesabu mpaka tano ndipo uzime taa.

Wenzangu wawili wanapinga. Wanasema nimeiua komedi. Huenda, lakini nimeshajaribu miisho yote miwili, na huu ndio ambao watu waliuzungumza barazani siku ya pili.

Hatua ya 13: Ukiupeleka Pemba

Geuza dira. Ukicheza Wete au Chake Chake, kijana asitoke Wete, atoke Unguja. Vyenginevyo watu watakuuliza vipi mji mzima haukujua kuwa tajiri ana mtoto pale pale. Punguza maneno ya nyumba ya Mji Mkongwe na urefushe ya shamba, kwa sababu huko kila mmoja anajua mkarafuu mmoja unazaa nini msimu mzuri, na Kaka Mdogo akitaja idadi ya uongo watamzomea. Msimu wa kuchuma usiende, hutapata watu. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na hewa ya chumvi ya safari itazilegeza zote, basi mpigaji afike mapema, apewe chumba cha peke yake na mlango wa kufunga, na asisemeshwe mpaka amalize kuzikaza.